Kasema Dwight

Marlys alihisi upepo ukimgeukia usoni. Alikuwa amesimama mlimani, akilinda, kazi ya mkuu wa kikosi cha kuzima moto wa msituni, na bondeni vijana wake walikuwa wakikata misonobari ili moto ukose njia ya kushuka mjini. Moshi uliokuwa ukielekea upande wa jimbo la Idaho tangu asubuhi sasa uliwaelekea wao.

"Tokeni!" alisema kwenye redio. "Acheni misumeno, rudini kwenye majivu, kule kulikokwisha kuungua. Sasa hivi!"

"Tumekusikia, bosi," Lonnie akajibu kutoka bondeni. "Dwight anasemaje?"

Ndiyo desturi yao. Tangu Marlys apewe ukuu, hakuna aliyemtukana wala kumkatalia. Walingoja tu. Yeye husema, kisha Dwight, naibu wake, hurudia maneno yaleyale kwa sauti yake nzito, ndipo mabuti yao husogea. Dwight hakuombwa, alidhani anamsaidia. Marlys naye alinyamaza, kwani kazi ilikwenda, na mwanamke aliyepewa cheo juzi hapendi kuitwa mgomvi leo. Mazoea yana taabu, na taabu yenyewe ndiyo hii.

"Dwight, waambie watoke," aliita kwenye chaneli ya wao wawili. Kimya. Dwight alikuwa nyuma ya mlima na gari la maji. "Dwight!" Kimya.

Moto ukaruka kijito cha bondeni. Moto alikuwa ameuzoea. Kilichomtia hofu ni wale watu wazima, wenye masikio yao, waliosimama pale wakingoja sauti nyingine.

"Lonnie, upepo umegeuka! Mtakufa!"

"Tulia basi, mama, usitupandishe presha. Tunamalizia mti huu mmoja, tumsikie na Dwight."

Akabonyeza redio.

"Dwight kasema tokeni!"

Misumeno yote ikanyamaza papo hapo. Aliziona kofia zao za njano zikipanda mbio kumwelekea, zikianguka, zikiinuka, naye anazihesabu kwa midomo na kuomba Mungu. Wa mwisho alipokanyaga majivu, misonobari waliyoiacha ililipuka yote, na joto likawaunguza nyusi.

Dwight akatokea anahema. Lonnie akamrukia, akamkumbatia.

"Mzee, umetuokoa! Ungechelewa kidogo tu, saa hizi tungekuwa nyama choma."

"Mimi?" Dwight akaitazama redio yake kiunoni. "Hii imekufa tangu tulipokula mchana. Mimi sijasema neno."

Wote wakageuka kumtazama Marlys.

"Haya, kesho," aliwauliza, "nikiona moto unakuja, niseme kasema nani?"

Lonnie akafungua mdomo ajibu. Kisha, kwa mazoea, akamtazama Dwight.