Tulienda Kumchukua Mulongo

Kanisani tulisema tunaenda likizo. Mchungaji wetu pale mtaani Mbotela hana subira na mtu anayezungumza na wafu, na mama yangu ni kiongozi wa kina mama, kwa hiyo wakati wa matangazo nilisimama nikasema nampeleka mama Kilifi akapunge upepo, amechoka. Watu wakapiga makofi. Majirani wakafurahi kana kwamba wao ndio wanaosafiri. Mmoja akaagiza mabuyu, mwingine achari ya maembe, na Shiru wa dukani akamwonya mama asirudi bila picha akiwa amevaa miwani ya jua. Nilicheka nao, ila moyoni nilikuwa na uzito wa kutosha kuzamisha meli.

Ukweli ni kwamba tulikuwa tunaenda kumchukua ndugu yangu Mulongo, mwana wa kiume wa pekee wa mama.

Mulongo alikufa maji miaka miwili iliyopita, mbele ya hoteli hiyo hiyo tuliyokuwa tunaiendea. Alifanya kazi katika kiwanda cha sabuni huku Nairobi, na wafanyakazi walikwenda matembezi ya mwisho wa mwaka. Wakacheza mpira mchangani, mpira ukaingia majini, naye akaufuata. Mtoto wa Mbotela, maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya tangi la mtaa. Walimtafuta wiki nzima wasimpate. Basi kwetu Kakamega wazee wakafanya kinachofanywa mtu akipotea majini: walikata shina la mgomba, wakalivisha shati lake, wakalizika kwenye kaburi lenye jina lake. Nilisimama pale na leso mkononi nikiulilia mgomba. Nilikasirika siku hiyo, na hadi leo hasira haijanitoka.

Mama hakulia. Alirudi Mbotela akaanza kulala kwenye kochi, ameketi, mlango haujafungwa. Nikimwuliza, jibu ni moja: "Akija akute pamefungwa?" Wezi wakaingia wakabeba redio na viatu vyake vya kanisani, na kesho yake mlango ulikuwa wazi vilevile. Mimi naishi mtaa wa Umoja na mume wangu na watoto, na nauza nguo za watoto soko la Gikomba. Kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda ilinibidi nipite Mbotela kuhakikisha kwamba mama yu hai. Alikuwa amebaki macho na mifupa. Nilijua tukiendelea hivyo nitamzika kabla ya mwaka kwisha.

Dawa ilitoka kwa baba mdogo Opicho, mdogo wa marehemu baba. Alisema mgomba ni wa kufunga mdomo wa kaburi tu, mtu mwenyewe bado yuko alikopotelea, anangoja kuitwa na damu yake. Mama aende pale, amwite kwa jina, na akija atajua mwenyewe. Kisha ni safari moja hadi kaburini. Njiani anaambiwa kila mahali mnapopita, kwa sababu hajui njia, wala msimshushe popote.

"Mkimshusha mahali, basi ndio amebaki hapo," alisema. "Hata mkimwita mara mia, hatoki tena."

Labda kwingine wanafanya vingine. Sisi tuliambiwa hivyo. Mimi si mtu wa kuamini mambo hayo, lakini ningeamini hata kwamba paka anasema, ilmradi mama yangu alale kitandani.

Baba mdogo akatupeleka kwa gari lake, Probox. Hoteli hakuitaka, akapanga chumba mjini Kilifi, akasema yeye hawezi kulala mahali ambapo mtu anafunguliwa mlango kama mgonjwa.

Hoteli yenyewe ilikuwa imelala. Ilikuwa Juni, kusi inavuma, na mwani umerundikana ufukweni ukinuka. Viti vya kulalia vilikuwa vimepinduliwa, majani yanaelea kwenye bwawa la kuogelea, na kima walikuja mezani kuiba sukari bila kumwogopa mtu. Wageni tulikuwa sisi na mzee mmoja Mzungu aliyeshinda akisinzia kwenye baraza. Wahudumu walituzidi kwa wingi, na kwa kukosa kazi walituletea chai kabla hatujaitaka. Msichana wa mapokezi alimvika mama shada la maua shingoni akamwambia, "Karibu mama, hapa usahau shida zako zote." Mama akanitazama. Nikamshika mkono upesi kabla hajamjibu yule mtoto wa watu.

Kesho yake alfajiri tukashuka majini. Mama alivaa kofia pana niliyomchagulia Gikomba, na chini yake uso wake ulikuwa mdogo kama wa mtoto. Akasimama kwenye mwani akaita, kwa Kiluhya, "Mulongo. Mulongo mwana wa Shitanda, njoo twende kwetu." Aliita kwa ile sauti ya kuombea chakula, ya heshima na ya chini. Upepo ukaichukua. Tukangoja mpaka jua likatuchoma, hakuna kitu. Jioni akaita tena, na kesho yake tena. Aliongeza jina la baba yake babu na la babu yake babu, akawaita hata wale ambao mimi sijawahi kuwasikia. Bahari ikaendelea na kazi yake.

Mama akaacha kula. Alikuwa akikaa kwenye kitanda kikubwa cheupe, mikono mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Jioni ya pili akaniambia, "Muhonja, mimi sirudi. Wewe nenda kwa watoto wako."

"Utakaa wapi, mama?"

"Hapa. Hata kwa ule mchanga."

Nilijua hatanii. Nilitoka nje nikalia kwenye ngazi, na hapo ndipo Adongo aliponikuta. Adongo ni mama wa kusafisha vyumba, mtu wa Siaya, na alikuwa amemwona mama akiita.

"Pole, dada," akasema. "Kwetu pia tunafanya hivyo. Ni mama yake yule kijana wa mpira?"

Nikaitikia kwa kichwa. Mama alikuwa ametusikia, akatoka mlangoni.

"Ulikuwepo?" akamwuliza.

"Nilikuwepo, mama. Nilikuwa naanika shuka."

"Alisema nini?"

"Yeye sikumsikia. Nilisikia wenzake. Walisimama hapo kwa maji wakamwita mpaka sauti zikawaishia." Adongo akasita. "Lakini, mama, usinikasirikie. Hawakuita hilo jina unaita. Walikuwa wanaita Tosti."

Nikamwona mama akikaza midomo. Jina hilo lilikuwa vita nyumbani kwetu kwa miaka mingi. Mulongo alilipata darasa la tatu kwa sababu ya kupenda mkate wa kuchoma, na mtaa mzima ukalishika. Mama alilichukia. Alimpa mwanawe jina la baba mkwe wake, la kuheshimiwa, si la mkate. Aliwahi kuwafukuza vijana wa kona na mwiko, unga umemjaa mikononi, na Mulongo mwenyewe alichapwa kwa kuitikia. Haikusaidia. Ndani ya nyumba ungemwita Mulongo mara tatu kabla hajainua kichwa. Mtu akiita Tosti kule nje, aliacha sahani na nyama ikiwa juu.

Mama akarudi ndani.

Asubuhi ya kuondoka baba mdogo alifika mapema, akaegesha gari langoni. Mama alikuwa tayari ufukweni, anaita majina yale yale, sauti imekauka. Nikamfuata nikiwa nimebeba begi. Nikamwambia gari limefika. Akasema ameshanijibu. Hapo hasira zangu za miaka miwili zikanipanda kichwani.

"Basi mwite jina lake," nikasema.

"Nimemwita jina lake."

"Hilo ni la babu. Umemwita babu siku zote hizi, na babu hakufa maji. Mwite Tosti, mama. Huyo ndiye alikuwa."

Nilidhani atanipiga kofi. Ningelipokea. Aliangalia mawimbi yakisukuma ule mwani, kisha akavua kofia akanipa. Akaingia majini na rinda lake la likizo hadi magotini.

"Tosti," akasema, kidogo, kama anaonja dawa.

Kisha akapaza sauti. Si ile ya kanisani. Ilikuwa sauti ya Mbotela, ile ya jioni watoto wakiitwa kuoga.

"We Tosti! Si urudi nyumbani! Umecheza imetosha!"

Akaketi pale majini, nguo zikielea, akalia. Miaka miwili nilingoja kilio hicho, na kilipokuja nilitamani kikome. Nilimshika chini ya makwapa nikamtoa, naye akawa ananiambia, "Amekuja. Muhonja, amekuja. Ana baridi." Mimi sikuona kitu wala sikusikia kitu. Lakini nililia naye, na nilipofungua mlango wa gari nilisogea kando kumpisha mtu.

Mama alimwachia Mulongo kiti cha dirishani nyuma, akaketi kando yake. Mimi nikakaa mbele. Njia nzima alimsemesha. "Hili ni daraja la Kilifi, baba. Usitazame chini." "Hapa ni Voi." "Hapa Mtito, watu wanakula, sisi hatushuki." Mwanzoni alisema kwa Kiluhya, kisha nikasikia amehamia Kiswahili. Baba mdogo akaniangalia kwa jicho la pembeni. Kiluhya Mulongo hakukijua, salamu tu. Alizaliwa Mbotela, akasoma Mbotela, na Kakamega alikwenda wakati wa mazishi, akarudi analalamikia mbu.

Baada ya Emali mama akanyamaza. Nikageuka. Alikuwa anakitazama kile kiti.

"Muhonja, kule nyumbani anamjua nani?"

"Anamjua baba mdogo," nikasema.

"Nauliza kule chini. Aliko babu yake."

"Baba yake yuko kule, mama."

"Baba yake alikufa huyu bado ananyonya," mama akasema. "Hata sura yake haijui."

Baba mdogo akaongeza mwendo.

Tuliingia Nairobi jua likielekea kushuka. Baba mdogo alikuwa anatafuta njia ya kutuzungusha nje ya mji tutokee barabara ya Nakuru, mama akamwinamia begani.

"Shemeji, shika Outer Ring. Utupitishe Jogoo Road, Mbotela."

"Mama Muhonja, tulikubaliana. Moja kwa moja."

"Basi simama hapa niteremke naye, twende kwa miguu."

Baba mdogo ni mtu mgumu, lakini alimlea mama na sisi tangu baba alipofariki, na alimjua. Akakata kona kimya.

Mbotela ilikuwa saa ya watu kutoka kazini. Kina mama walikuwa wanakaanga samaki kando ya barabara, watoto wamefunga njia kwa mpira wa makaratasi, na kwenye kona vijana wa rika la Mulongo wameegemea ukuta kama siku zote, wengine sasa wana vitambi. Mmoja wao akamtambua mama akainua mkono. "Niaje, mathe? Umerudi likizo?" Mama akamwitikia. Sauti yake ilikuwa imara kabisa.

Akanyoosha mkono juu ya kile kiti, akafungua mlango wa upande wa dirishani.

"Tumefika," akasema. "Shuka, baba."

Moshi wa mafuta ya samaki ukaingia ndani ya gari. Baba mdogo alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, na alipozungumza hakugeuka.

"Mama Muhonja, nakuomba. Mimi si mchawi, nakuambia kile wazee waliniambia. Ukimwacha hapa hatatoka tena. Na wewe siku yako ikifika tutakupeleka kule, kwa sababu wewe ni mke wetu, hakuna mahali pengine pa kukulaza. Utalala kando ya mgomba. Huyu mtoto hutakutana naye tena."

Nilitaka kumwambia anyamaze. Nilitaka kumwambia mama afunge ule mlango twende, tumpeleke hata asikokujua, mradi siku moja wawe pamoja. Mtu anamtafuta mwanawe miaka miwili, halafu anamshusha barabarani jioni kama abiria.

Mama aliwaangalia wale vijana wa kona muda mrefu. Kisha akauvuta mlango akaufunga taratibu, kama anayeogopa kumbana vidole mtu aliyekwisha kushuka.

"Najua, shemeji," akasema. "Kule nitakaa peke yangu mimi. Si yeye."