Sentensi za Mama

Jioni hiyo fundi cherehani alikuwa akipindia sketi ya mteja, pini mdomoni, mguu wake wa kushoto ulipofupika. Haukuuma. Ulifupika tu, kama suruali iliyofuliwa kwa maji moto, na kanyagio likawa mbali. Akatema pini kiganjani, akamgeukia bintiye aliyekuwa mezani na kadi zake za Kiingereza.

"Umeandika nini tena, mwanangu?"

"Neno la kuchechemea, mama. Si kuchechemea hivihivi, ni kule kwa kujikongoja."

"Na sentensi yake?"

"'Mama yangu anajikongoja kwenda dukani.' Nisamehe, ndiyo iliyonijia."

"Haya," fundi akasema, akasogeza kiti karibu na kanyagio.

Binti alikuwa karani wa mapokezi katika kampuni moja kubwa. Wanaopanda kwenda ofisi za ghorofani lazima wawe na cheti cha Kiingereza cha ngazi ya juu, na yeye alishachoka kuwatabasamia wageni wasiomtazama. Masomo yenyewe yalikuwa na utaratibu wake: neno, maana, visawe, kisha sentensi ya mfano. Mwalimu, bwana mmoja mwenye tai na sauti ya kubembeleza, alishikilia kwamba sentensi imhusu mtu aliye hai, tena unayemjua vizuri. Neno lisilo na mtu ndani yake, alisema, halikai kichwani.

Sasa maneno yenyewe, jamani! Mazuri yote yalikwisha huko chini. Jua, chai, rafiki, furaha: hayo waliyamaliza ngazi ya kwanza, na wakati ule fundi alinawiri mpaka majirani wakamuuliza anajipaka nini. Huku juu yalibaki ya kunyauka, kufilisika na kuoza polepole.

Mtaani hakuna aliyeshangaa, maana wanafunzi walikuwa wengi na wote wana mama. Mama wa kinyozi alikuja kuchukua gauni lake akiwa anapenywa na mwanga. "Wangu jana kajifunza neno la vioo," alisema. "Naona mchele kupitia kiganja."

"Afadhali wewe, kuuchambua kutakuwa rahisi."

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Za mama wa kinyozi zilihesabika zote.

Fundi naye alijifunza ujanja wake. Kila kadi mpya ilipotoka aliuliza, "Hilo halina ndugu mpole?" Binti akapekua visawe, na mara nyingine akampata. Neno la kukonda alilibadilisha akaweka la wembamba wa kupendeza, na kwa siku chache fundi akatembea kama msichana. Kisha mwalimu akarudisha kadi na wino mwekundu: kisawe dhaifu, rudia. Binti akarudia. Fundi akazipunguza nguo zake zote ubavuni.

"Kwa nini humwandiki bosi wako?" aliuliza siku moja.

Binti alishajaribu. Alikuwa na neno la kuota kutu, zuri kabisa, na kalamu mkononi, lakini akaichana kadi. "Bosi ataniuliza, mama. Wewe huniulizi."

Fundi alikasirika. Alikasirika kwelikweli. Kisha akakumbuka kuwa mtihani umekaribia, akaenda kuchemsha maji ya chai. Aliporudi aliweka kikombe mbele ya bintiye, akaweka na mikono yake miwili mezani.

"Mguu umechukua. Meno chukua, mgongo chukua. Lakini hii usiiguse. Bila hii mimi si fundi, ni bibi kizee tu aliyekaa kwenye kiti."

"Haki ya Mungu, mama, siigusi." Binti alilia kabisa, akaibusu.

Siku ya mtihani likaja neno la kitu ambacho hakuna anayekihitaji tena. Maana yake binti aliijua, visawe vyake akavipanga bila kusita. Kwenye sentensi akasimama. Alikumbuka kiapo chake, tena alikikumbuka kwa mapenzi, akahakikisha hakuandika popote habari ya mikono. Aliandika habari ya mama mzima.

Nyumbani fundi alikuwa katikati ya kupachika zipu. Mwenye gauni akaingia, akamwamkia kwa adabu, akalichomoa gauni chini ya sindano, akaondoka nalo. Wengine wakafuata kuchukua vyao. Tangu hapo wateja walipita mlangoni vitambaa kwapani, wakasema shikamoo, wakaendelea na safari. Jioni, sahani mezani zilitosha bila yake. Fundi akaigeuzageuza mikono kwenye mwanga. Ilikuwa mizima, haina hata kovu.

Kwenye sherehe ya vyeti mwalimu alisoma sentensi ya binti kwa sauti, kama mfano bora wa mwaka. Ukumbi ukalipuka. Nyuma walikaa wamama, kila mmoja na sentensi zake mwilini, wakapiga makofi nao. Wasioweza kupiga makofi walikanyaga sakafu. Makofi ya mama wa kinyozi yalisikika tu, hayakuonekana.

Binti akapanda ghorofani. Cheti kikatundikwa kwenye msumari uliokuwa wa futi ya kupimia. Lakini huko juu, kumbe, kuna ngazi nyingine tena, na asiyeipita anarudishwa mapokezi. Binti akakaa na kadi mpya, akamtazama mama yake kwa muda mrefu. Hakuna sentensi iliyomjia. Akachukua simu.

"Shikamoo, mama mdogo. Hapana, hakuna tatizo, tumekukumbuka tu. Si unakaa peke yako huko? Njoo ukae nasi kidogo."

"Mwambie asije," fundi akasema kutoka kwenye kiti chake. Aliliona jina la mdogo wake likiandikwa tayari kwenye kadi.

Hakuna aliyeyahitaji maneno hayo. Binti aliendelea kucheka na simu sikioni, akauliza basi linafika saa ngapi.

Fundi akainuka, akajikongoja hadi chumbani, akamtandikia mdogo wake kitanda. Shuka aliivuta vizuri, pembe zote akazikunja kifundi, na mto akauweka upande wa dirisha, maana mdogo wake tangu utotoni hupenda kulala akitazama nje.