Bomba la Hewa la Dukani kwa Ochoki

Millicent Opondo alikuwa daktari wa mifugo. Alikuwa amezaliwa Homa Bay, lakini mwaka wa nne sasa alikuwa akizunguka vilima vya Nyamira na pikapu yake akitibu ng'ombe. Jumatatu moja, alipokuwa akipanda kuelekea Magwagwa, gari lilikosa nguvu ghafla, likaanza kuvuma kama linalopumua kwa shida. Aligeuza, akalirudisha polepole hadi Kebirigo kwa fundi wake, Nyakundi.

Nyakundi alifungua boneti, akatoa bomba la plastiki linalopeleka hewa kwenye injini. Lilikuwa limepasuka urefu wa kidole.

"Vumbi lote la barabara linaingia hapa, Daktari," alisema. "Ukiendelea hivi, injini itakwisha. Nenda Kisii ununue lingine. Lakini usichukue haya ya bei rahisi yasiyo na jina. Nenda kwa Ochoki. Mwambie nimekutuma mimi."

Maneno hayo ya mwisho yalimkaa Millicent vibaya. Kwa nini Ochoki ajue ametumwa na nani? Hakuuliza. Nyakundi alifunga ule ufa kwa utepe, naye Millicent akaenda Kisii, hadi dukani kwa Ochoki.

Ochoki alikuwa mtu mnene mwenye tabasamu la haraka. Aliposikia jina la Nyakundi alitoa boksi jekundu lenye jina la kampuni kubwa, akalipangusa kwa kiganja.

"Orijino, madam. Hili litadumu mpaka likuzike."

Millicent alilitoa bomba kwenye boksi. Kwa mazoea ya kazi yake, aliingiza vidole ndani na kupapasa. Plastiki ilikuwa na alama iliyoinuka, kama jani, na chini yake namba 47. Nje, karatasi yenye jina la kampuni ilikuwa imebandikwa upande, pembe moja imeinuka.

"Naomba nilipige picha."

"Picha ya nini?" Tabasamu lilipotea. Ochoki alilirudisha bomba kwenye boksi. "Unanunua ama hununui?"

Millicent alisema atarudi. Alitembea mitaa miwili hadi duka lingine la spea, la mwanamke aitwaye Istarlin. Hapo mabomba yalining'inia ukutani bila boksi, kwa bei isiyofika nusu ya ile ya Ochoki.

"Haya yametoka wapi?" aliuliza.

"Kiwanda sikijui, dada. Nayanunua kwa jumla Nairobi," Istarlin alijibu. "Sitakwambia ni orijino. Nitakwambia yanakaa. Likipasuka kabla ya miezi sita, nirudishie. Nitakuandikia kwenye risiti."

Muuzaji anayekataa kusifu mali yake! Millicent aliona huo nao ni ujanja wa aina yake. Aliingiza vidole ndani ya bomba. Jani. Namba 47.

Alimgeukia Istarlin. "Mama, Ochoki hununua mabomba kwako?"

Istarlin alimtazama kabla ya kujibu. "Mwezi jana alichukua dazeni. Anachoyafanyia baadaye, muulize yeye."

Millicent alinunua moja, risiti ikaandikwa, akaendesha kurudi Kebirigo huku hasira ikimpanda kila kona. Aliliweka bomba mbele ya Nyakundi na kumweleza kila kitu.

"Sasa niambie ukweli," alisema. "Ochoki hukupa nini?"

Nyakundi alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Hunipa chai. Kwa kila mteja ninayempelekea. Hilo sikatai."

"Kwa hiyo ulijua."

"Sikujua!"

Nyakundi alimshika mkono akampeleka nyuma ya gereji, kwenye gari lake mwenyewe. Alifungua boneti, akalegeza vibano, akatoa bomba lenye karatasi ya jina lile lile. Alipapasa ndani. Millicent aliona uso wake ukibadilika.

"Hili nililipa bei yote," Nyakundi alisema kwa sauti ndogo. "Hata mimi. Na nimewatuma watu saba."

Millicent alitaka kumwamini, na alitaka pia kutomwamini. Mtu anayepokea chai huweza pia kudanganywa; aliona sasa kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja. Hata hivyo, Nyakundi alipokuwa akifunga bomba jipya, alisimama karibu na kutazama kila kibano kikikazwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nyakundi aliliona hilo, akaendelea kukaza.

Bomba lilishika. Pikapu ilipanda Magwagwa bila kuvuma.

Wiki iliyofuata Nyakundi alimpigia simu. Alikuwa ameacha chai ya Ochoki na kuanza kuwatembelea wale wateja saba awaambie walichouziwa. Sita walimtukana, kisha wakamshukuru. Wa saba, mwalimu mmoja wa Gesima aitwaye Nyanchera, hakutaka kumsikiliza.

"Ameniuliza huyo mama wa duka la pili amenilipa ngapi," Nyakundi alisema. "Daktari, nimeapa, hataki."

Millicent hakumlaumu mwalimu. Yeye mwenyewe angeuliza vivyo hivyo.

"Kesho nina ng'ombe Gesima," alisema. "Nisubiri hapo gereji asubuhi, twende wote. Bomba langu na lake tutayaweka pamoja mezani kwake, apapase mwenyewe."