Kigingi Nje ya Ukuta

Kama kuna mtu Kamembe aliyejua kumshawishi jirani abomoe ua wake mwenyewe na bado aseme asante, basi ni Christophe-Aimé. Fundi wa kuchomelea milango ya chuma, mzaliwa wa Bukavu, aliyevuka daraja la mpakani na wazazi wake wakarudi Rwanda akiwa kijana, akaoa, akajenga. Watu wa mudugudu wake, zile nyumba zilizobanana kwenye mteremko kati ya barabara ya lami na ziwa, walimchagua awaongoze, wakamwita Chef. Kazi yenyewe haina mshahara. Ina simu tu, na kila mwenye ugomvi na mkewe anaijua namba yako.

Na kazi aliifanya, tusimnyime haki yake. Taa za njiani aliziomba mpaka wakubwa wa sekta, ile ofisi inayosimamia mudugudu, wakachoka kumwona. Njia ya matope iliyokuwa ikiwaangusha akina mama na madumu yao ya maji, aliitandika mawe pamoja na watu wake, muganda baada ya muganda, ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi ambapo kila nyumba hutoa mtu na jembe. Kilichobaki kilikuwa mfereji. Maji ya barabarani yalishuka hovyo, mvua hii kwa huyu, mvua ile kwa yule. Fundi wa sekta akaja akapima, akapigilia vigingi toka juu mpaka chini. Akasema: chimbeni hapa, maji yatafika ziwani bila kumgusa muntu.

Vigingi havijui jina la mtu. Kimoja kilisimama katikati ya baraza la Hakimu, mshona nguo, palepale alipokaa na cherehani yake tangu enzi za baba yake. Chef akamwendea na maneno yake laini. "Mzee Hakimu, maendeleo hayana ndugu. Leo ni baraza yako, kesho ni ya mwingine."

Hakimu alizishika ndevu zake, akalitazama baraza, akaguna. "Kama ni ya bantu bote, basi." Akachukua nyundo akalivunja kwa mkono wake, na tangu siku hiyo akawa anashona sebuleni, miguu ya wateja ikimpita puani.

Sasa basi. Kigingi kingine kilisimama ndani ya ua wa Chef mwenyewe. Ukuta mpya, rangi haijakauka vizuri, na geti alilolichomelea kwa mikono yake, lenye maua ya chuma ambayo watu walikuja kuyatazama kutoka Nyakarenzo. Kuufuata mfereji maana yake kona ile ya ukuta ianguke, na geti liende nayo. Mkuki kwa nguruwe mtamu, jamani! Asubuhi ya muganda, kabla watu hawajatoka, Christophe-Aimé alikwenda pale kwenye kona akiwa na kandambili tu, akaking'oa kigingi, akakipigilia upande wa chini, nje ya ukuta. Akakanyagakanyaga udongo palipokuwa na shimo. Akanawa mikono, akajiambia maji ni maji, yatapinda.

Watu walikuja wakachimba walipoonyeshwa, wakiimba. Chef alichimba na kuimba kwa sauti kuliko wote.

Mvua kubwa ya Aprili ilipokuja, maji hayakupinda. Yalishuka na nguvu zake zote, yakafika kwenye kona ya Chef, yakaruka mfereji, yakaingia kwa Maman Mukandori, mjane aliyeishi hapo chini kwenye nyumba ya matofali mabichi. Ukuta wa nyuma ulilala wote. Mwenyewe alipona kwa kuwa alikuwa kanisani. Godoro, maharagwe ya shamba lake la Gitambi, picha ya harusi aliyovuka nayo mpaka mara mbili katika maisha yake, vyote vikawa uji.

Christophe-Aimé alifika wa kwanza. Alikunja suruali, akayatoa maji kwa beseni mpaka mgongo ukamkatika, akampatia mama chumba cha nyuma kwa Hakimu. Na yule mama, ambaye hakubakiwa hata na sufuria, aliazima ya jirani akampikia chai.

"Kunywa, mwana wangu," alimwambia. "Mvua ya Mungu haina muntu wa kulaumu. Bila weye, leo ningelala wapi?"

Chai ile! Aliinywa yote, maana angeirudishaje? Maneno yalikuwa pale kwenye ulimi: Maman, ni mimi. Akasema, "Aksanti, Maman. Ina sukari ya kutosha." Alipofika nyumbani aliona haya hata kulishika geti lake.

Usifikiri hakujaribu. Kwenye mkutano wa baada ya muganda uliofuata alisimama, akafungua mdomo, akajikuta anahimiza usafi wa vyoo. Watu wakampigia makofi. Tangu hapo kila sifa ilimchoma. Akina mama wakisema "Chef wetu ana roho," yeye anatafuta pa kuangalia. Lakini uchaguzi ulikuwa umekaribia, na uongozi ule alikuwa ameupenda, tusidanganyane. Akajipa shauri la waoga: nikishachaguliwa tena nitaurekebisha mfereji kimyakimya, nani atajua?

Siku ikafika. Huko kwetu mudugudu hauchagui kwa karatasi. Wagombea husimama mbele, na kila mtu huenda kupanga mstari nyuma ya anayemtaka, mchana kweupe, kila jicho linaona. Uzuri wake ni kwamba hakuna wizi. Ubaya wake ni kwamba mgombea anatazama mbele, na mgongoni ndiko kunakohesabiwa maisha yake.

Walikuwa wawili tu. Christophe-Aimé, na Hakimu, ambaye watu walimpendekeza kwa kicheko ili Chef asisimame peke yake. "Mzee, utatushonea nini sasa, mudugudu?" mmoja akamtania. Hakimu akajibu, "Nitawapunguza midomo kwanza." Uwanja mzima ukacheka.

Msimamizi akapiga makofi, mistari ianze. Christophe-Aimé alisikia kandambili zikivutwa polepole kwenye changarawe, kisha mkono ukamshika begani. Mkono mwepesi, mkavu. Hakuhitaji kugeuka.

"Niko nyuma yako, mwana wangu," alisema Maman Mukandori. "Wa kwanza ni mie."

Nyuma yake watu wakajipanga, wakasukumana, mstari ukaenda mpaka kwenye kona ya shule. Kwa Hakimu walikuwa wapwa zake tu. Christophe-Aimé aliwaka uso mpaka masikio. Mkono ule wa begani haukutoka. Angeweza kuvumilia watu wote, lakini si mkono ule.

Akaondoka pale mbele. Akaenda kusimama mwisho wa mstari wa Hakimu. Alidhani hiyo ingetosha.

Haikutosha! Watu walizoea kumfuata Chef, wakamfuata. Mstari mzima ukajikunja kama nyoka, Maman Mukandori mbele, mkono bado begani kwake, wote wakaja kujipanga nyuma yake tena. Vicheko vikalipuka, msimamizi akafoka, "Mistari gani hii?" Na mzee mmoja akasema kwa sauti, "Muone unyenyekevu! Anamuachia mkubwa wake!" Makofi yakapigwa. Yalikuwa makofi mengi kuliko yote aliyowahi kupigiwa.

Hapo ndipo Christophe-Aimé alipogeuka.

"Muache makofi," alisema. Sauti ilimtoka ndogo, akairudia. "Muache. Kigingi nilikitoa mimi. Fundi alikiweka ndani ya ua wangu, nikakitoa nikakiweka chini, ukuta wangu usivunjwe. Yale maji hayakuwa ya Mungu. Yalikuwa ya kwangu."

 Hakimu ndiye aliyejibu, na hakupandisha sauti. "Baraza yangu niliivunja na mkono wangu, Chef. Uliniambia maendeleo hayana ndugu."

Maman Mukandori alikuwa ameutoa mkono. Alimtazama kwa muda, kama mtu anayetafuta jina la mtu aliyemsahau.

"Ile siku ulikuya kuondosha maji mu nyumba yangu," alisema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, Maman."

"Na chai ukakunywa."

"Nikakunywa."

Mama akaitikia kwa kichwa, akajifunga vizuri kitenge, akampita, akaenda kusimama mbele, karibu na Hakimu mwenyewe. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, bila kelele. Hata Mukundwa, mke wa Christophe-Aimé, alihama taratibu bila kumtazama. Msimamizi aliihesabu mistari kwa sababu ni lazima ihesabiwe, akamtangaza Hakimu.

Kesho yake asubuhi Christophe-Aimé alikuwa na nyundo kwenye kona ya ukuta wake. Hakuna aliyemtuma na hakuna aliyemsaidia. Geti aliling'oa kwanza, akaliegemeza kwenye mti wa parachichi, akaanza matofali. Majirani walipita wakienda misa, wakasalimia haraka haraka. Hakimu alikuja na kamba na kigingi, akainyoosha kamba toka mfereji wa juu, akakipigilia pale fundi alipokuwa amekiweka, akaondoka.

Kisha Maman Mukandori akapita, na Biblia yake mkononi. Mtaani kwetu hakuna anayepita bila salamu, na yeye alisimama. Christophe-Aimé akaweka nyundo chini, akafuta vumbi usoni, akangoja kutukanwa. Angelipokea tusi lolote, tena kwa furaha.

"Muraho, Bwana Christophe," alisema mama. "Muendelee vizuri na kazi."

Hakusema "mwana wangu." Hakulisema tena, si siku ile, si mfereji ulipomalizika, wala siku Christophe-Aimé alipomkabidhi ufunguo wa nyumba aliyomjengea kwa matofali ya ukuta ule. Aliupokea kwa mikono miwili, akasema, "Aksanti, Bwana."