Bunduki ya Kuulia Kiboko

Zadock alikuwa karani wa kampuni ya bima katikati ya Nairobi, na mwaka wa sabini na tatu alinunua bunduki kwa ajili ya kiboko mmoja. Kiboko huyo alikuwa akitoka ziwani kila usiku kula mahindi ya baba yake huko kwao Kano, kando ya ziwa. Askari wa wanyama waliahidi kuja, wakaahidi tena, kisha wakanyamaza. Mzee Joash akabaki kulinda shamba peke yake, kwa mkuki na debe la kupigia kelele.

Polisi walipompa kibali, Zadock alikwenda moja kwa moja dukani. Bunduki ilikuwa mpya, kitako chake cha mbao nyekundu, inanukia mafuta. Jioni, nyumbani Ngara, aliilaza kitandani akawa anaipangusa kwa fulana yake safi.

"Toa hiyo kitu hapo," mkewe Milcah alisema. "Watoto wanalala hapo."

"Hii ndiyo itampa Baba usingizi, mama."

Jumamosi alikwenda kuijaribu kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, chini ya shamba la kina Ephantus, mwenzake wa ofisini, ng'ambo ya Kangemi. Alilenga mkebe, akafyatua. Tik! Kimya. Akajaribu tena. Safari hii ililia, ikampiga bega kama teke la punda, na vumbi likatimka mbali kabisa na mkebe. Alipovuta bolti, komeo la bunduki, atie risasi nyingine, ganda la risasi ya kwanza lilikuwa limekwama ndani. Walivuta kwa zamu mpaka Ephantus akachubuka vidole.

"Ndugu yangu," Ephantus alisema akijinyonya damu, "ukikutana na kiboko na hii, atakayewindwa ni wewe."

Aliporudi nayo dukani, muuzaji aliigeuzageuza, akasema ni uchafu tu. Kisha mwenyewe akashindwa kutoa ganda. Ikabidi kipuri kiagizwe Uingereza.

"Basi nipe nyingine," Zadock alisema.

"Kibali chako kina namba ya hii, bwana. Ukitaka nyingine, anza upya kwa polisi."

Akasubiri. Kila saa ya chakula cha mchana alipita dukani akaambiwa bado. Alimtumia baba yake salamu kwamba avumilie, bunduki iko karibu. Mzee alikuwa ameanza kufikiria kuliacha shamba akakae kwa bintiye Awiti. Salamu zilipomfika, akabaki. Akawa anawaambia majirani, "Mtoto wangu analeta bunduki."

Asubuhi moja Dalmas, mdogo wake Zadock, aliingia ofisini na mfuko mkononi, viatu vimejaa tope lililokauka.

"Baba?" Zadock aliuliza kabla hajasalimiwa.

"Alisimama kati ya kiboko na maji. Giza lilikuwa nene, hakujua kiboko yuko nyuma yake."

"Awiti hakuja kumchukua?"

"Alikuja mara mbili. Baba alikataa. Alisema wewe unakuja."

Dalmas akamweleza pia kwamba askari wa wanyama walifika kulipokucha, wakamwua kiboko kwa risasi moja.

Mchana huohuo simu ya ofisi ililia. Bunduki ilikuwa tayari. Walikwenda kuichukua kwa sababu Zadock hakujua afanye nini kingine. Muuzaji alivuta bolti mbele yao, na ganda likaruka vizuri likaanguka mezani.

"Sasa haina shida," alisema kwa furaha. "Utaipenda."

Zadock aliipokea, akatoka nayo.

Nje, Dalmas aliuliza, "Tunaenda nayo Kano?"

"Hapana."

Waliiacha kwa Milcah, wakaenda maduka ya Ngara kutafuta suti ya kumzikia baba. Mwenye duka aliuliza mzee alivaa saizi gani. Hakuna aliyejua. Zadock akainua mikono hewani kuonyesha upana wa mabega, na akabaki hivyo, mikono imenyooka, hata Dalmas alipomshika akimwambia, "Shusha sasa, kaka. Ameona. Shusha."