Bandari Iliyokuja Shituru Kutafuta Shaba

Colette alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba yake, katika kambi ya reli ya Shituru, mjini Likasi, maji ya chumvi yalipomfika miguuni. Aliyaonja kwa kidole, akapandisha kinu barazani na kuendelea kutwanga. Ilikuwa mwaka wa 1976, na watu wa Likasi walikuwa wamezoea kuletewa mambo bila kuulizwa.

Kufikia adhuhuri bandari nzima ilikuwa imewasili. Ilitoka Lobito, upande wa Angola, ikapanda kwa njia ya reli na gati lake, kreni zake na meli moja yenye kutu, ikasimama kando ya nyumba za kambi. Ilikuwa imekonda. Tangu vita vikate reli mwaka uliopita, hakuna bamba la shaba lililoifikia, nayo ilijengwa kula shaba tu. Chakula chake kilirundikana hapa Shituru, kikingoja kuzungushwa kusini, ama kupelekwa bandari ya Matadi kwa treni, kisha mashua, kisha treni tena, safari ambayo redio iliisifu kila asubuhi. Bandari ilichoka kungoja. Majirani waliona ina haki.

Juu ya gati alisimama Hilaire, mume wa Colette. Yeye ndiye aliyeendesha treni ya mwisho ya shaba kwenda Lobito, na mpaka ukafungwa nyuma yake. Kampuni ya reli ilimwita mtoro. Citoyen Mwepu, mkubwa wa kambi, alikuwa amekwisha kumwambia Colette kwamba mke wa mtoro hana nyumba, atoke kabla ya Jumamosi.

"Colette, njo mimi, bwana yako," Hilaire aliita.

"Niko nakuona. Umekonda sana. Unakula?"

"Kule hakuna kazi. Tutakula nini?"

Hilaire akashusha mguu mmoja. Askari aliyesimama relini akamzuia kwa bunduki. Alieleza bila ukali kwamba juu ya gati ni Angola, chini ni Zaïre. Mpaka umekuja pamoja na bandari.

Colette alikwenda ofisini kwa Mwepu na mikono yake ya kijani kwa sombe, akamleta mpaka relini akimvuta shati. Mwepu alimtazama Hilaire, akamsalimu vizuri, akamuuliza habari za safari. Kisha akamgeukia Colette.

"Mama, huyu mutu alikimbia."

"Alikimbia wapi? Iko mbele yako!"

"Décision ilishatoka. Décision haiangalie mutu."

Alasiri hiyo kampuni ilianza kupakia. Mabamba ya shaba yalipita juu ya kichwa cha askari, naye hakuyadai karatasi. Bandari ikanenepa watu wakiitazama: kreni zikarefuka, kutu ikadondoka, maghala mawili yakachipuka ubavuni mwa gati. Kutoka melini yakateremshwa magari ya Mercedes, divai na friji za wakubwa.

"Friji iko na karatasi gani?" Colette alimuuliza askari.

"Friji ni ya bakubwa, mama."

Colette akampungia mumewe mkono, akamwonyesha friji iliyokuwa ikifungwa kamba. Hilaire alielewa. Aliikalia juu, kreni ikaishusha taratibu mpaka upande wa Zaïre. Askari wawili wakamteremsha, wakampiga kwa mikanda mpaka shati likachanika, wakamrudisha gatini. Friji ikapelekwa mjini. Colette aliokota jiwe, akalirusha kwenye Mercedes ya karibu, kioo kikavunjika. Hakuna aliyegeuka, kwa kuwa gari lilikuwa bado halijapewa mwenyewe.

Jumamosi vitu vyake vilitupwa nje. Nyumba akapewa afisa wa forodha, aliyehitaji kukaa karibu na bahari. Colette alihamia kwa dada yake Bibiane, kule Kakontwe, kwenye vumbi la kiwanda cha saruji, na kila mchana alitembea hadi Shituru na bukari, ugali wa mumewe. Askari alikula kwanza, kisha akampitishia Hilaire iliyobaki.

Waziri alipokuja kuzindua bandari, wanawake wote waliamriwa kucheza. Alitangaza kwamba sasa taifa lina bahari yake, na maendeleo yamefika mlangoni pa kila mfanyakazi. Gatini wapakiaji walipangwa wapige makofi, Hilaire, sasa naye mpakiaji, miongoni mwao. Colette alisimama katikati ya mstari, mikono chini.

Mwepu akamsogelea. "Mama Colette, cheza. Waziri iko anaangalia."

"Aniangalie vizuri," Colette alisema kwa sauti ya kufika jukwaani. "Na bwana yangu amuangalie vilevile. Ni ule, ule wa shati ya kupasuka."

Waziri alitazama upande ule, akapunga mkono, na ngoma ikaongezwa. Meli iliyoshiba ikapiga honi, ikashuka na maji kuelekea Dilolo, mpakani. Bandari ikabaki kungoja nyingine, na Hilaire juu yake, hatua moja kutoka kambini, bado mtoro.