Mkono wa Tatu wa Hollis

Jumatatu asubuhi Royce Pruitt, msimamizi wa uzito wa ndege, alisimama mbele ya ubao na kalamu nyekundu, akaandika mstari mmoja tu: VALI YA VERNA, RATILI KUMI NA MOJA. Halafu akatia alama ya kuuliza, yaani ing'olewe au ibaki.

Verna Stubblefield alikuwa safu ya pili na chai yake ya barafu. Wanaomjua walianza kukusanya makaratasi polepole, kama watu walioona wingu jeusi linakuja kutoka upande wa mji wa Weatherford.

"Royce," akasema. "Futa hiyo."

"Bi Verna, usinianze asubuhi yote hii."

"Mimi nakuanza? Nani kashika kalamu?"

Watu wakacheka, Royce naye akacheka kidogo, ila kalamu hakuiweka chini. Kusema kweli hakuwa mtu mbaya. Ndege ndiyo ilikuwa nzito, basi. Mshika mbili moja humponyoka, na ndege hii ilishika tano! Ipigane na ndege wenzake angani. Ipige vitu vya chini. Isikilize mawimbi ya adui kutoka mbali. Ibebe mabomu yake tumboni, yasichungulie nje rada ikayaona. Na juu ya yote hayo, ile ya wanamaji ishuke wima, taratibu, kwenye sitaha ya meli. Sasa kushuka wima hakuna ujanja: injini ina nguvu zake, ukizidisha uzito inakudondosha. Kiwanda kizima hapo Fort Worth kilikuwa kinaikondesha ndege hiyo kwa miezi mitano. Kuna waliochonga milango, kuna waliofupisha nyaya. Zilibaki ratili kumi na moja za kupunguza, na orodha ya vitu vya kuondolewa ilikuwa inafungwa Ijumaa saa tisa alasiri.

"Nionyeshe ratili kumi na moja kwingine," Royce akasema, "nami nafuta hapa hapa mbele ya watu."

"Sawa."

"Bi Verna, tumeshatafuta kila mahali."

"Nimesema sawa."

Akarudi mezani kwake. Juu ya meza kulikuwa na glavu ya rubani, imeungua vidole vitatu. Hakuna mtu aliyeungua, msishtuke. Miaka minne nyuma walikuwa uwanja wa majaribio, wameweka kipande cha ndege na mwanasesere kwenye kiti, vijana wakamwandika kifuani kwa kalamu: BUBBA. Wakapiga risasi moja kwenye bomba la mafuta. Mafuta yakamwagikia chuma cha moto, na kabla Verna hajamaliza kupepesa macho, Bubba alikuwa anawaka. Wakarudia wakiwa wameifunga vali ya Verna kwenye bomba. Ilikata mafuta ndani ya sekunde moja, moto ukakosa chakula, ukafa. Ile glavu ya Bubba Verna aliiokota mwenyewe. Na kwenye kila ndege kiti hicho kitakaliwa na mtoto wa mtu.

Jumanne yote alikagua hesabu. Hapo ndipo akaona kitu kilichomfanya asimame wima: ndege ya kwenye kompyuta ilikuwa nyepesi kuliko ndege ya kwenye mizani. Kila mtu alijua hilo, na kila mtu alisema mizani zina kichaa, ingawa zile ratili kumi na moja zilihesabiwa kwa hizo hizo. Verna alizipima mizani. Zilikuwa na akili timamu!

Jumatano akabeba mizani ndogo ya jikoni kwake, akashuka chini wanakopaka lipu. Lipu ni ile dawa nzito inayojaza mianya ya paneli na vichwa vya skrubu, maana mwanya wenye upana wa ukucha tu unatosha rada kukupigia honi. Mkubwa wa pale alikuwa Hollis Tackett, mzee wa viatu vinavyong'aa kama vya mchungaji na mkono mtulivu. Kwa miaka mitatu iliyopita chumba cha rada, wanakopima kama paneli inaonekana, kilikuwa hakijamrudishia hata moja.

"Mama, umekuja kutupikia?" Hollis akauliza alipoiona ile mizani.

"Nimekuja kukupima wewe, ila hutatoshea."

Vijana wakapiga makofi. Verna akapima kipande kidogo kabla ya lipu. Akangoja, wakapaka, kikaingia tanuri, kikatoka. Akapima tena. Kilizidi uzito wa kwenye mchoro kwa gramu ishirini na sita. Na kipande chenyewe ukubwa wa sahani ya chakula tu!

"Mzee Hollis, lipu mnaipaka mikono mingapi, tabaka juu ya tabaka?"

"Mitatu."

"Mchoro unasema miwili."

Mtu mmoja akaweka kisu chake cha lipu chini, taratibu.

"Mchoro," Hollis akasema, "haupaki." Akajifuta mikono. "Mwaka wa kwanza walinirudishia paneli. Moja. Nikapiga mkono wa tatu, ikapita. Toka siku hiyo hapa kila mtu anapiga wa tatu."

"Na hukumwambia mtu?"

"Kwani aliniuliza nani?"

Verna akapiga hesabu kwenye karatasi ya andazi lake la asubuhi: ndege nzima, mianya yote, skrubu zote. Jibu lilizidi ratili kumi na tano.

"Nipakie paneli moja kwa mikono miwili. Wewe mwenyewe."

"Nikirudishiwa je? Mbele ya vijana hawa?"

"Ukirudishiwa, Royce ananing'olea vali, wewe unaendelea na mkono wako wa tatu mpaka ustaafu." Akatoa ile glavu mfukoni, akaiweka kwenye meza ya lipu. "Huyu alikuwa anaitwa Bubba."

Hollis akavigusa vile vidole vilivyoungua. Halafu akachukua kisu.

Alhamisi mchana paneli ikaingia chumba cha rada, kile cha kuta za sponji nyeusi, ambamo hata kikohozi kinamezwa. Jibu likatoka baada ya dakika arobaini: imerudishwa.

Vijana wakaangalia viatu vyao. Verna akauliza tu: "Wapi?"

"Kona ya kushoto," akasema Hollis. Alikuwa ameinama, anapitisha kidole kwenye mwanya, macho amefumba. "Hapa. Bonde dogo." Kisha akacheka peke yake, cheko la aibu. "Unajua ni nini, mama? Mkono wa pili unadeka. Unategemea wa tatu uje kuusafishia."

"Basi uambie hakuna unaokuja."

"Nipe mpaka kesho. Na hawa waangaliaji watoke, wananipumulia."

Ijumaa Hollis alianza saa moja asubuhi. Alikwangua paneli yote, akapaka upya, kipande kwa kipande, bila redio, bila utani. Chakula cha mchana, nyama ya moshi aliyoletewa na vijana, kikapoa pembeni. Saa saba ikatoka tanurini. Saa nane kasoro dakika tano ikaingia chumba cha rada. Verna hakukaa. Juu, Royce alikuwa ameshaifungua orodha, kalamu nyekundu mkononi.

Saa nane na dakika thelathini na tano mlango ukafunguliwa.

"Imepita," akasema mpimaji. "Safi kuliko zile za mikono mitatu. Mmefanyaje?"

Hakuna aliyemjibu, walikuwa wanapiga kelele kama watu wa mpira. Verna alikuwa ameshafika kwenye ngazi. Aliingia kwa Royce anahema, akamwekea karatasi ya rada, karatasi ya mizani, na ile ya andazi yenye mafuta.

Royce akasoma zote tatu. Akasoma tena ile ya andazi.

"Kumi na tano?"

"Na zaidi. Zinazobaki zitumie kuniomba radhi."

Royce akaufuta ule mstari ubaoni kwa kiganja, wekundu ukamganda mkononi.

Jioni Hollis akapanda juu kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Alikuja kurudisha glavu. Akaiona vali kwenye rafu, akaiokota, akaipima kiganjani.

"Ndiyo haka tu?"

"Na bomba lake na nyaya. Ndiyo hako."

"Nilidhani kitu kikubwa." Akairudisha kwa adabu, kama mtu anayerudisha yai kiotani. "Jumatatu naanza kukwangua zile ndege saba nilizokwisha paka mikono mitatu. Uje na mizani yako."